Mche wa Saba

Septemba, Paisandu. Baridi imelegea kidogo,
mto unanuka chuma na machungwa yaliyooza.
Juu ya meza ya jikoni nimepanga makao matatu,
na mimi, Zulma, mjane wa miaka sabini na mmoja,
nimesimama na wembe kama mkunga asiye na hakika.

Jina langu limo posta, kwenye daftari la serikali:
miche sita, isizidi. Nilitia kidole gumba,
kijana wa dirishani akazitazama mvi zangu
akauliza bangi hiyo ni ya nani.
Nikamwambia: ya magoti.

Hakuuliza magoti ya nani.

Kwanza, udongo. Dardo hakujua kingine.
Aliuchota kingoni mwa mto, akauchekecha
kwa wavu wa mlango mkuukuu,
akauchanganya na mboji ya minyoo, na majani ya yerba
tuliyokwisha kuyanywa asubuhi, yangali na joto.
Udongo husamehe, alikuwa akisema.
Lakini udongo una wageni wengi ndani yake,
na kikonyo kisicho na mizizi hakijui kufunga mlango.

Pili, makumbi ya nazi, tofali kavu, jekundu,
lililovuka bahari nisizozijua. Nikalimwagia maji
likaumuka kama andazi, likajaa ndoo,
likaniacha nikicheka peke yangu saa nne usiku.
Jepesi. Safi. Halina chakula chochote:
nyumba ya kupanga isiyo na jiko.

Tatu, vipande vya Wilmar, mtoto wa jirani:
sufu ya mawe. "Wanayeyusha mwamba, bibi,
wanausokota nyuzi." Bibi! Bibi yake nani?
Miaka thelathini na mmoja nilikuwa kiwandani,
nimepitisha mikononi kondoo wa mkoa mzima,
naijua sufu kwa kuisikia tu ikikatika gizani.
Hii haina mafuta. Hii haikuwahi kuogopa mvua.
Nikaviloweka hata hivyo, vipande vitatu,
kwenye maji yenye tone la limau, kama alivyoagiza,
kwa sababu mtoto huyo hunibebea gesi bila kuombwa.

Mbegu hazikunisumbua. Mbegu ni watoto wa mtu yeyote:
kitambaa kibichi, sahani juu ya sahani,
juu ya jokofu, palipo na joto la mota,
na siku ya tatu zikatoa vimkia vyeupe.
Nne kati ya tano. Ya tano ilikuwa na mambo yake.

Ila vikonyo vilitoka kwenye mmea wa Dardo,
wa mwisho, uliokaa dirishani majira yote ya baridi,
ukarefuka, ukachakaa, ukimngoja mtu aliyezikwa Mei.
Mbegu huanza upya. Kikonyo hakianzi chochote:
ni mmea uleule, umri uleule,
unaohamishwa nyumba bila kuulizwa.
Nikakata tisa, mshazari, chini ya kifundo,
vitatu kila mahali,
nikavifunika kwa chupa za soda zilizokatwa kiunoni,
nikawa navipulizia maji asubuhi na jioni
nikiwa nimevaa sweta lake.
Hilo halikuwemo kwenye maelekezo.

Wiki ya pili udongo ulikuwa umevimeza vyake vyote.
Vitako vyeusi, laini kama ndizi ya juzi.
Niliutazama ule udongo kama anavyotazamwa shemeji
aliyeahidi kuja mazishini.
Makumbi yalilea kimoja.
Na sufu ya mawe, ile isiyomjua kondoo,
ilitobolewa pande mbili na mizizi myeupe,
michache, kama ndevu za mvulana. Vikonyo viwili, hai.
Nikatamka neno alilonikataza mama.

Wilmar alikuja na gesi. Akaona, akanyamaza;
heshima kubwa hiyo, kwa mtu wa miaka kumi na tisa.

Sasa: minne ya mbegu, mitatu ya Dardo.
Hesabu naijua, nimehesabu marobota nusu ya maisha yangu.
Nimekaa, maji ya yerba yamepoa,
naihesabu tena kuanzia upande wa dirisha,
taratibu, kama mtu anayeomba akosee.